Jina Tulilopewa na Majirani

Mazungumzo ya redioni. Somo: Matendo ya Mitume 11:19–30

  Somo letu la leo ni fupi, na wengi wetu twalijua tangu Shule ya Jumapili. Katika mlango wa 11 wa Matendo ya Mitume, aya ya 26, Luka aeleza ya kuwa Barnaba na Sauli walikaa Antiokia mwaka mzima wakifundisha watu wengi. Kisha, kama mtu anayekumbuka jambo akiwa tayari yuko mlangoni, aongeza kwamba ni katika mji huo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

Tusilipite neno hilo upesi. Luka hasemi wanafunzi walijiita, asema waliitwa. Wao wenyewe walikuwa na majina yao. Waliitana ndugu, wanafunzi, watakatifu, na mwendo wao waliuita Njia. Ni nani basi aliyewapa hili jipya? Hatudhani ni Wayahudi, maana Myahudi asingelitumia jina la Kristo, yaani Masihi, kwa watu aliowaona wamepotea. Waliowapa ni watu wa mjini: wauza nguo, askari, wapagazi, wapiga porojo wa sokoni. Antiokia ulikuwa mji mkubwa, wa tatu katika dola yote ya Kirumi baada ya Rumi na Aleksandria, na watu wa kila taifa walipita humo. Maadamu waliomwamini Yesu walikuwa Wayahudi watupu, hakuna aliyehangaika kuwatafutia jina. Lakini wakaja watu wa Kipro na Kirene wakawahubiri Wayunani pia, na jirani akichungulia dirishani amwona Myahudi na Myunani wanakula sahani moja. Awaite nani? Jina la kabila halitoshi tena. Ndipo wakalishika jina la yule ambaye watu hawa hawakuacha kumtaja, wakalitia mkia uliotumika siku zile kwa wafuasi wa bwana fulani, kama Maherodi walivyoitwa kwa ajili ya Herode. Wakristo, yaani watu wa Kristo.

Jina hilo lapatikana mara tatu tu katika Agano Jipya lote. Mara ya pili latoka kinywani mwa mfalme Agripa, naye alitamka nusu kwa mzaha, akimwambia Paulo kwamba karibu amfanye yeye naye kuwa mmoja wao. Mara ya tatu ni Petro, awaambiapo wanaoteswa kwa ajili ya jina hilo wasione haya. Basi mwangalie safari yake: lilianza sokoni, likapita mahakamani, likafika gerezani, ndipo wenyewe wakalichukua kuwa lao.

Sasa tuitazame lugha yetu, maana Kiswahili kina hekima ambayo twaitumia kila siku bila kuiona. Wazungu hutia mkia mwishoni mwa neno. Sisi twaanza na kichwa. Twachukua neno Kristo, twaweka M mbele, twapata Mkristo. Twaweka U, twapata Ukristo. Twaweka Ki, twapata Kikristo. Ndivyo ilivyo kwa Mwislamu, Uislamu na Kiislamu, kwa mkomunisti na ukomunisti, hata kwa mjamaa na ujamaa wa Mwalimu Nyerere, ambaye alilichukua neno la nyumbani kabisa, jamaa, akalifanya siasa ya nchi nzima katika Azimio la Arusha la mwaka 1967.

M hiyo ni ile ile ya mtu. Kabla hujamaliza kutamka Mhindu, Mbudha au Mpentekoste, ulimi wako umekwisha kukiri kwamba ni mtu unayemsema. Nayo U ni ile ya utu na wema, na pia ya uchoyo na ulevi: ni hali aliyo nayo mtu. Hakuna mlevi anayehitaji kutuonyesha cheti cha ulevi wake. Majirani wamjua kwa mwendo wake akirudi usiku. Na Ukristo, kwa sarufi yetu, umewekwa kikapu kimoja na mambo ya namna hiyo. Haukuwekwa pamoja na vitu vinavyofungiwa katika kabati la ofisi ya parokia pamoja na daftari la ubatizo. Ki nayo ni namna ya kufanya jambo. Tukisema ndoa ya Kikristo au mazishi ya Kikristo, tumesema namna ya kuoana na namna ya kuzikana, na mtu ana haki ya kutuuliza, namna gani hiyo?

(Mtu aweza kusema: mbona Biblia yasema Mafarisayo na Masadukayo, kwa Ma badala ya Wa? Je, ni dharau? La hasha. Maaskofu wetu nao wamo katika kundi hilo hilo, na makarani na madaktari.)

Majina ya wafuasi hutoka mahali pengi. Paulo alipofika Athene, katika mlango wa 17, alikutana na wanafalsafa wa makundi mawili, Waepikureo na Wastoiko. Waepikureo waliitwa kwa jina la mwalimu wao Epikuro, aliyewafundisha rafiki zake katika bustani kwamba jambo kubwa ni kuishi bila hofu na bila maumivu. Lakini Wastoiko hawakuitwa kwa jina la mwalimu wao, Zeno. Waliitwa kwa mahali alipofundishia, ukumbi ulioezekwa wenye nguzo, kando ya soko la Athene, ambao kwa Kiyunani ni stoa. Nasi watu wa pwani na wa bara yake tunalo neno la mahali kama hapo. Ni baraza. Wastoiko ni watu wa barazani! Kila mzee aliyepata kukaa barazani Voi alasiri, akisikiliza hoja za wenzake juu ya mvua, serikali na mauti, asiogope tena kulisikia jina hilo likisomwa kanisani.

Wengine huitwa kwa siku, kama Wasabato. Wengine kwa tendo, kama Wabaptisti, au Waislamu, ambao jina lao lina maana ya kujisalimisha kwa Mungu. Wengine hupewa jina la dhihaka. John Wesley na wenzake walipokuwa chuoni Oxford walichekwa kwa utaratibu wao wa kusali na kufunga kwa saa, wakaitwa Wamethodisti, watu wa utaratibu. Mwaka 1650 hakimu mmoja wa Derby alimcheka George Fox aliyemwambia atetemeke mbele ya neno la Mungu, na wafuasi wake wakaitwa Wakweka, watetemekaji. Hapa Kenya, tangu misheni yao ilipoanza Kaimosi mwaka 1902, twawaita kwa jina walilolichagua wenyewe: Marafiki. Fikirini tofauti ya kumwita mtu Mtetemekaji na kumwita Rafiki, na hali mtu ni yule yule.

Lakini yako majina yaliyoleta damu, nasi Waanglikana yatupasa kuisikia habari hii kwa makini. Mwaka 1877 wamisionari wa CMS walifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, na mwaka 1879 wakafika mapadre wa Kikatoliki kutoka Ufaransa. Vijana wa ikulu waliokwenda kujifunza waliitwa kwa Kiganda basomi, wasomaji, maana kazi waliyoonekana wakiifanya ni kusoma. Lilikuwa jina zuri, na lilikuwa la wote. Tarehe 3 Juni 1886 huko Namugongo, Kabaka Mwanga alipoamuru vijana wachomwe moto, Wakatoliki na Waprotestanti waliteketea katika moto mmoja. Miaka sita haikutimia. Waliosalia walikuwa wamekwisha kupata majina mengine: wafuasi wa mapadre waliitwa Wafaransa, wafuasi wa CMS wakaitwa Waingereza. Watu waliozaliwa vilima vya jirani, wanaosema lugha moja, hawajapata kuiona Ufaransa wala Uingereza hata ndotoni! Na tarehe 24 Januari 1892 walipigana vitani huko Mengo kwa majina hayo, na bunduki ya mzinga ya Kapteni Lugard ikawa upande wa Waingereza.

Twasema yatupasa kusikia kwa makini kwa kuwa jina letu wenyewe, Anglikana, maana yake ni ya Kiingereza. Rebmann alipita katika nchi ya Wataita mwaka 1848 akielekea kuuona Kilimanjaro, na mwaka 1883 Wray wa CMS alikaa Sagalla, mlima ule tunaouona kutoka stesheni ya Voi. Wazee waliobatizwa walisema tu, sisi ni wa CMS. Baadaye tukawa Kanisa la Jimbo la Kenya, CPK, tangu mwaka 1970; dayosisi yetu ya Taita Taveta ikazaliwa mwaka 1993; na mwaka 1998 jina likageuzwa kuwa Kanisa la Kianglikana la Kenya, ACK. Wako wanaotuuliza kwa nini tulilivaa jina la Waingereza wakati Waingereza wamekwisha kwenda zao. Jibu twalo: jina hilo latuunganisha na ndugu walio Nigeria, Sudani, India na kwingineko. Hata hivyo si vibaya nyanya wa Werugha anayeitwa Mwanglikana akijua kwamba ameazimwa nguo, akaivaa bila kudhani ni ngozi yake. Na jirani zetu walioanza Bura mwaka 1892 wanaitwa Wakatoliki, neno la Kiyunani lenye maana ya walio wa kote, na kila tunapoikiri imani sisi nasi twakiri Kanisa moja katholiko. Jina lao limo kinywani mwetu kila Jumapili.

Tuje sasa kwenye neno gumu zaidi, dhehebu. Latokana na Kiarabu, na shina lake ni kwenda: dhehebu ni njia ambayo mtu hupita. Kwa Waislamu ni neno la heshima. Wengi wa Waislamu wa pwani yetu ni wa madhehebu ya Shafii, na masultani wa Unguja walikuwa Waibadhi, na hakuna aliyeona kwamba ametukanwa. Katika Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya mwaka 1952 inayosomwa makanisani, fungueni Matendo mlango wa 24. Paulo amesimama mbele ya liwali Feliki. Wakili Tertulo amshtaki kuwa ni kichwa cha madhehebu ya Wanazareti. Paulo ajibu kwamba amwabudu Mungu wa baba zake kwa Njia ile ambayo wao waiita uzushi. Sasa sikieni jambo la ajabu: katika Kiyunani, neno lililotafsiriwa madhehebu katika aya ya 5 na lile lililotafsiriwa uzushi katika aya ya 14 ni moja. Hasa maana yake ni uchaguzi, kundi lililochagua mambo yake. Watafsiri hawakukosea. Walisikia kwamba neno hilo hilo katika kinywa cha mmoja ni hesabu tu, na katika sikio la mwingine ni tusi. Na hilo jina la Wanazareti lingali hai kwetu. Mzee wa Kiislamu atuitapo Manasara, atumia neno la shina lile lile lililotumiwa na Tertulo.

Kwa nini twalikazia neno dhehebu? Kwa sababu ya Shakahola. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi, upande wa pili wa Tsavo Mashariki kutoka hapa kwetu, serikali ilianza kufukua makaburi ya watu ambao, kama walivyoeleza walionusurika, waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa, na wengi walikuwa watoto. Tangu siku hizo neno dhehebu limeingia uchungu. Kikundi cha akina mama wanaokesha kuomba chini ya mwembe huulizwa, ninyi ni dhehebu gani, kwa sauti ambayo haikutumika zamani. Wenye vilemba vyeupe, Wakorino, ambao wamo nchini mwetu tangu wakati wa ukoloni, wamepata kutazamwa kama wageni.

Ni haki watu waogope. Mzazi asiyeogopa baada ya Shakahola hana watoto. Lakini tuogope lipi? Jina halikuwaua watu wale. Mahali pale hapakuwa na jina la kutisha. Palitajwa Injili na habari njema kama mahali pengi. Yaliyoua ni mambo ambayo mtu yeyote angeweza kuyaona akikaribia: watoto waliotolewa shuleni, wagonjwa waliokatazwa hospitali, mashamba na vyombo vilivyouzwa kwa haraka, mtu mmoja ambaye neno lake halikuulizwa swali, na mwisho chakula kuzuiwa. Basi tukisikia habari za kundi jipya Mwatate au Maungu, tusianze na swali la jina lao. Tuulize, watoto wao wako darasani? Akiugua mtu, apelekwa Moi pale Voi, au afungiwa ndani? Mchungaji wao huulizwa swali akajibu? Na maswali hayo yaulizwe hata katika kanisa lenye mnara mrefu na kengele ya zamani. Kama la kwetu litashindwa kuyajibu, jina letu halitatusaidia.

Tumesema habari za mbali. Turudi nyumbani, maana huko ndiko majina yanakouma zaidi. Wako watu twawaita Walokole. Neno hilo lilitoka Uganda. Kwa Kiganda Balokole ni waliookoka. Uamsho ulioanza kuwaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulifika Kenya mwaka 1937. Wao wenyewe waliitana Ndugu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya uamsho huo, nao wakahesabiwa wasumbufu. Wakati wa vita vya Mau Mau wengi wao walikataa kiapo, wakakataa vilevile kushika bunduki ya serikali, na wengine wakauawa. Na Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwezi wa Februari 1977 katika utawala wa Idi Amin, aliokoka katika uamsho uo huo. Hao ndio Walokole. Lakini sikieni siku hizi neno hilo linavyotumika katika ukoo. Dada mmoja ahamia kanisa la Kipentekoste, na tangu siku hiyo hana jina tena. Ni yule mlokole. Naye kwa upande wake awaita ndugu zake watu wa dini, akimaanisha kwamba wana desturi bila wokovu. Mama mmoja aliyewazaa wote anyamaza jikoni.

Tulizika mwaka fulani katika nyumba ya namna hiyo, upande wa milimani. Marehemu alikuwa mama wa Kianglikana. Mwanawe wa kwanza ni mzee wa kanisa letu, wa pili ni mhubiri wa kanisa la Kipentekoste, na binti yake ameolewa na Mwislamu wa mjini Voi. Mnajua desturi yetu ya siku nyingi hapa Taita na pwani. Msiba ukiwa na watu wa namna zote, hutafutwa jirani Mwislamu achinje, ili kila mtu apate kula. Safari hii mwana wa pili akakataa. Akasema watu wake hawatakula kilichochinjwa kwa jina la dini nyingine. Shemeji wa Voi alikuwa amekwisha kufika na mbuzi wawili. Sauti zikapanda mbele ya jeneza.

Msidhani ni jambo dogo la mbuzi. Mwezi wa Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, Tanzania, ugomvi juu ya nani achinje uliishia kwa mchungaji mmoja kuuawa.

Aliyeinuka ni shangazi yao, ajuza wa miaka zaidi ya 80. Hakutaja aya. Alimwuliza mwana wa pili, "Baba, mama yako akiwa mgonjwa miezi ile saba, ni nani aliyekuwa akimleta hospitali kwa gari lake?" Kila mtu alijua ni shemeji. Kisha akawaambia kwa Kidawida kwamba wana hasira moyoni, na mwenye hasira moyoni hazikwi naye mtu vizuri. Vijana hawakuelewa. Wazee walielewa mara moja.

Walielewa kwa sababu ajuza yule alikuwa amegusa mambo ya babu zetu. Misafara ya pwani iliwaita watu wa bara washenzi. Wamisionari wakawaita wapagani, neno la Kilatini ambalo hapo mwanzo lilikuwa na maana ya watu wa mashamba tu. Lakini wenyewe, ukiwauliza wafanya nini mbele za Mlungu, walitaja tendo: kutasa. Mzee alitia kinywani pombe au maji ya miwa, akayatema kwa kuyanyunyiza, huku akitamka kwamba hasira aliyokuwa nayo juu ya jamaa yake imetoka, naye apate uzima. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni hudhuru nyumba nzima, hata asiposema neno. Sisi hatufanyi ibada ile, wala hatuwafundishi kuirudia. Damu ya Kristo yatutosha. Lakini watu waliolitambua jambo kubwa la dini yao kuwa ni kuitoa hasira juu ya ndugu kabla ya kuomba, kuwaita wapagani na kufunga kitabu ni uvivu. Bwana wetu naye, katika Mathayo mlango wa 5, amwambia mtu aiache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza akapatane na ndugu yake.

Siku ile mbuzi mmoja alichinjwa na shemeji, na wa pili, kwa shauri la shangazi, akachinjwa na mwana wa pili mwenyewe, na sufuria zikawa mbili. Si mapatano makubwa. Wako waliokula katika sufuria zote mbili, nasi hatukuwauliza ni wa dhehebu gani.

Turudi Antiokia, wapenzi, maana somo letu halikomei aya ya 26. Luka amekwisha kutuambia kwamba walipata jina. Katika aya inayofuata wafika manabii kutoka Yerusalemu, na mmoja wao, Agabo, aonyesha kwamba njaa kubwa inakuja, nayo ikatukia katika siku za Kaisari Klaudio. Nasi tunaijua njaa. Wazee wetu walituhadithia ile ya mwaka 1884 waliyoiita Mwakisenge, iliyoipiga Taita huku Wray akiwa hajamaliza hata miaka miwili Sagalla. Na sisi wenyewe tuliona misimu mitano ya mvua ikipita mitupu, mmoja baada ya mwingine, kutoka mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022, na ng'ombe wakianguka kando ya barabara ya Taveta.

Basi hawa wenye jina jipya walifanya nini? Kila mmoja kadiri ya uwezo wake alitoa, wakatuma msaada kwa walioamini katika Uyahudi. Kumbukeni ni akina nani hao. Ni kanisa la Yerusalemu, lile lile ambalo, liliposikia habari za Antiokia, lilimtuma Barnaba aende akachunguze ni watu gani hao wanaokula pamoja na Wayunani. Walioupeleka msaada ni Barnaba huyo huyo, na Sauli, wakaukabidhi mikononi mwa wazee. Luka hasemi waliopokea waliwaitaje walioleta.